Mwezi Mpevu, Igombe

Watu wa mjini huusifia mwezi.
Sisi wa Igombe, tunaoanika dagaa,
tunauhesabu kama mtu ahesabuvyo deni.
Mwezi ukipevuka taa hazivui kitu,
mitumbwi inapandishwa mchangani,
wanaume wanarudi nyumbani na kiu.
Kuanzia usiku wa kumi na tatu
hata mbwa wanajua mlango wa kupita mbali.

Nina jambo la kuungama kwanza.
Sundi alipopiga kelele mwaka jana
(ukuta wetu ni mmoja, bati letu ni moja)
nilipandisha sauti ya redio.
Kulikuwa na mpira. Sikumbuki nani alimfunga nani.
Asubuhi alikuja kuanika, jicho limefumba,
akasema ameangukia beseni.
Nikasema pole. Nikampa chumvi ya kukandia.
Wahenga walituachia neno:
ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Mchanga wa Igombe haulimwi.

Nsimire alifika na furushi moja
kutoka upande wa Kivu, ambako vita
vilimla mume, vikamla kaka,
naye vikamtenda asichokisema,
ila popote aketipo huegemea ukuta,
uso mlangoni.
"Kwetu tuliogopa giza," alituambia.
"Walikuja wakati taa zimezimwa.
Hapa munaogopa mwangaza.
Munaogopa watu munaowajua majina.
Vita ni vilevile, vimevaa kandambili."

Tulicheka.
Kisha hakuna aliyecheka.

Akauliza: mwezi ukipevuka, taa za dagaa hulala wapi?
Kwa Nyanjige, stoo, zimerundikwa,
zimejaa chaji, hazina kazi.

Haukuwa mkutano. Tulikuwa tunachambua,
tukitoa furu na vijiwe,
mikono ikinuka ziwa,
na maneno yakaja yenyewe.
Atakayesikia, apige mfuniko wa sufuria.
Atakayesikia mfuniko, naye apige.
Wenye taa watoke na taa.
Hakuna kutukana, hakuna jiwe,
ni kusimama mlangoni mpaka mlango ufunguke.
Na kila mmoja sado ya dagaa kwa mwezi,
nauli ya bodaboda mpaka dawati la jinsia,
maana hospitali watadai PF3,
na PF3 haina miguu.

Usiku wa kumi na nne Malimi alianza saa nne.
Mkono wangu uliijua redio. Ulikwenda huko kwanza, nakiri.
Ndipo ukashika mfuniko.
Mlio wangu ulikuwa mmoja, mwembamba, wa kipumbavu.
Nikapiga tena.
Kwa Minza kukaitika. Kwa Nsimire.
Kwenye vibanda vya kukaangia sangara,
kule kwa wauza nyavu,
mpaka mwaloni.
Zikaja taa, zilezile
zinazowadanganya dagaa kuwa kumekucha,
arobaini na kitu, nyeupe, zikiyumba,
na mwezi juu yake ukawa kibatari.

Malimi akatoka na mkanda mkononi.
Akatuona.
Akautazama ule mkanda
kama mzigo aliokabidhiwa na mpita njia.
Mtoto wa Minza, ambaye hakupaswa kuwepo,
akauliza kwa sauti: "Baba Holo, suruali haikudondoki?"
Hakuna aliyemnyamazisha.
Sundi akapita katikati yetu, mtoto mgongoni,
viatu mkononi, bila kukimbia.

Sisemi kwamba yamekwisha.
Kesi imeahirishwa mara tatu.
Mama mkwe wake hapokei salamu yangu.
Mfuniko wangu umebonyea, mvuke unatoroka,
wali wangu siku hizi una kiini.
Sinunui mwingine.

Leo mwezi una siku kumi na mbili.
Nimempitia Nsimire nikamkuta nje,
kwenye kigoda, katikati ya uwanja,
mgongo wake hauna ukuta,
anachambua dagaa kwa mwanga wa bure.